Mvutaji wa Pantoni ya Mto Ngono

Bahasha ile mchungaji wetu aliniletea mwenyewe hadi nyumbani kwangu Hamugembe, hapa Bukoba. Ilikuwa na picha ishirini na tatu, nyeusi na nyeupe, zilizochapishwa upya kwenye karatasi ngumu. Alisema zimetumwa na binti wa mgeni mmoja aliyejenga barabara mkoani kwetu miaka ya sitini mwanzoni. Mgeni huyo amefariki, na binti hakutaka picha zitupwe. Usharika ulikuwa na nia ya kuzitundika ukumbini siku ya mavuno.

"Shida ni kwamba hakuna hata moja iliyoandikwa ni wapi," mchungaji alisema. "Mwalimu, wewe umefundisha jiografia Kamachumu miaka yote ile. Tafuta ni wapi, na ukiweza, ni akina nani."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Tangu nistaafu hakuna mtu aliyekuwa ameniomba kazi inayohitaji akili.

Picha zote zilikuwa za vivuko. Yule mgeni, nadhani, alizipiga ili ajue pa kujenga madaraja. Kulikuwa na mtumbwi wa gogo katikati ya mafunjo, baiskeli imelazwa juu yake na mwenyewe ameishika kama anayemshika mbuzi asiruke. Kulikuwa na wanawake wenye mikungu ya ndizi kichwani, maji yakiwafika mapajani. Kulikuwa na lori la kahawa juu ya pantoni, yaani mbao zilizofungwa juu ya mapipa matupu, na wanaume wanne wakivuta waya wa chuma kuipeleka ng'ambo. Nilijifunza kuzisoma. Nilitazama vilima vya nyuma, kivuli kimelala upande gani, maji yamepanda hadi wapi kwenye ukingo. Majabali ya upande wa Kamachumu niliyatambua mara moja. Mengine yalinishinda, nikaamua kuwauliza wazee.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu, mzee wa Kiislamu ambaye nyumba yake imetenganishwa na yangu kwa mistari mitatu ya migomba. Nilijua kwamba ujanani alifanya kazi kwenye vivuko. Mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole viwili tu, na siku moja, miaka mingi nyuma, nilipomuuliza alisema ni mambo ya kazi, basi. Alikuwa mtu wa maneno machache lakini mwenye kunijali ajabu. Nikiugua, yeye ndiye wa kwanza kupiga hodi.

Alizipokea picha kibarazani, akavaa miwani, akaanza kuzitaja moja moja kwa furaha. Hiki kilikuwa kivuko fulani, hapa palikuwa na mti mkubwa, huyu alikuwa na ugomvi na kila mtu. Alipofika ya tisa aliisogeza karibu na macho. Ilionyesha pantoni ikiwa gatini. Kijana mrefu amesimama mbele, mikono yote miwili juu ya waya. Karibu naye, mwanamke mwenye mtoto mgongoni amegeukia kamera, amekunja uso kwa jua.

"Hii siijui," mzee alisema, akanirudishia. Hakutazama zilizobaki. Alisema macho yamemchoka.

Sikufikiri zaidi. Siku ya pili yake nikapanda gari kwenda Izigo kwa mama.

Mama yangu ana miaka themanini na kitu. Anaishi na mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye anayelima kibanja cha marehemu baba. Nilimkuta kwenye ukumbi wa nyumba, ameketi juu ya nyasi mpya alizotandika mwenyewe, anamenya ndizi. Alinitolea kahawa ya kutafuna, tukaulizana habari, kisha nikampa picha. Alicheka alipoona mtu wa baiskeli. Alisema wanaume wa siku zile walizipenda baiskeli kuliko wake zao.

Kisha akafika ya tisa. Kisu kilikuwa bado mkononi mwake. Alikiweka chini polepole, kama mtu anayeogopa kitafanya jambo chenyewe.

"Igeuze," alisema.

"Mama, unaijua?"

"Nimesema igeuze."

Niliigeuza. Mama aliinuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Ndizi zilibaki nusu zimemenywa, zikaanza kuwa nyeusi. Mdogo wangu aliporudi kutoka kwenye mibuni na kusikia kilichotokea, alinivuta nje hadi palipoanikwa kahawa.

"Dada, umemletea nini?"

"Picha za kanisa."

"Za nani?"

"Sijui. Ndiyo maana nilimwuliza."

"Presha yake imetulia mwezi huu tu," alisema. "Mwezi huu tu! Zichukue picha zako urudi nazo mjini."

Hatukuwahi kugombana hivyo tangu baba afariki. Nilianza kukusanya vitu vyangu. Hapo ndipo mama alipotoka chumbani. Alikuwa amevaa kitenge kingine, kama anayejiandaa kwenda msibani. Aliketi palepale kwenye nyasi, akatuita sote wawili.

"Yule mwanamke ni mimi," alisema. "Na aliye mgongoni si yeyote kati yenu."

Tulijua kwamba mama alizaa mtoto kabla yangu. Tuliambiwa alikufa kwa homa. Katika nyumba yetu jambo hilo lilitajwa mara moja tu na halikurudiwa.

Mama alisimulia bila kututazama. Baba alikuwa karani wa kupima kahawa ng'ambo ya mto Ngono, na mama alikuwa anamfuata. Mtoto alikuwa wa kiume, ameanza kusimama dede. Pale gatini mgeni mmoja alimwomba asimame apigwe picha, naye akasimama. Kisha wakapanda pantoni pamoja na watu wengine na mizigo yao. Mvua ilikuwa imenyesha juma zima na mto ulikuwa umejaa. Walipofika katikati, kisiwa cha mafunjo kilichong'olewa na mafuriko kilikuja na maji na kuigonga pantoni ubavuni. Pantoni ikainuka upande mmoja. Walioanguka majini ni yeye na mtoto peke yao, kwa kuwa walikuwa wamesimama ukingoni.

"Mbeleko ilifunguka majini," mama alisema. "Kijana aliyekuwa anavuta waya akaruka. Akanishika mimi kwa nguo. Kwa mkono wa pili akamshika mtoto. Nilimwona, mwanangu. Alikuwa amemshika. Kisha akamwachia."

Mdogo wangu alisema labda maji yalimpokonya.

"Nimesema alimwachia! Nilimtazama machoni. Alifungua mkono wake." Mama alifungua wake, akatuonyesha. "Akaushika waya. Na waya ukamkata vidole vyake, nikaviona vinatoka damu kwenye maji, na nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi."

Mto haukumrudisha mtoto. Ndivyo baba alivyomwambia. Walitafuta siku tatu, hawakupata kitu, na baba akamkataza asiongee tena habari hiyo. Miaka zaidi ya sitini mama hakuwa na kaburi la kupalilia wala mtu wa kumwuliza.

Mimi nilikuwa nimeacha kusikia tangu aliposema vidole. Jirani yangu ndiye aliyekuwa akiniletea uji nilipolazwa na malaria, na wajukuu wake walinijengea uzio. Sikumwambia mama siku ile. Nilirudi Bukoba na picha ndani ya mkoba, nikiwa nimeubana kifuani njia nzima.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kibarazani kwake. Nilisahau hata shikamoo. Niliweka ile picha kwenye mkeka mbele yake.

"Mzee, huyu ni wewe."

Hakuikana. Alikigusa kichwa cha yule kijana kwa kidole kimoja kati ya viwili.

"Ni mimi."

"Na huyu mwanamke unamjua?"

"Ni mama yako, mwalimu. Nilijua wewe ni binti yake tangu mwaka ule ulipojenga hapa. Baba yako alipokuja kukutembelea tulionana njiani."

Nilikumbuka. Walishikana mikono hapo njiani muda mrefu, karibu bila maneno, na mimi nilidhani ni adabu za wazee.

"Mama anasema ulimwachia mtoto." Sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyotaka. Mkwewe alichungulia dirishani, akarudi ndani. "Niambie si kweli."

"Sitakwambia wewe," alisema. "Si haki uisikie kabla yake. Mlete. Kama hataki kuja, nitapelekwa mimi huko, hata nikibebwa."

Mdogo wangu alikataa katakata. Alisema kwenye simu kwamba nitamwua mama kwa sababu ya kiherehere cha kusoma picha. Hata mimi niliogopa jambo hilohilo. Lakini mama alikuwa ameketi karibu naye na alisikia kila kitu. Alimnyang'anya simu.

"Yuko hai?" aliuliza.

"Yuko hai, mama. Ni jirani yangu."



"Yule anayekuletea uji?"

"Huyo."

"Kesho nakuja," alisema.

Mdogo wangu alikodi gari dogo, akaja naye mwenyewe ili, kwa maneno yake, awepo wa kumbeba akianguka. Mama alishuka Hamugembe akiwa na fimbo yake na kitambaa cheupe kichwani. Alikataa kuingia kwangu kwanza, akakataa maji. Tulipita kati ya migomba, yeye mbele. Mzee alikuwa ameshatoka, amevaa kanzu na kofia, ameketi kwenye kiti. Alianza kusimama.

"Kaa," mama alisema. Yeye hakukaa. "Unanijua?"

"Nakujua, mama."

"Mwanangu alikuwa hai ulipomwachia, au alikuwa amekufa?"

Mdogo wangu alinishika mkono. Nilimtazama mzee nikimwomba kwa macho yangu aseme alikuwa amekufa. Ilikuwa rahisi. Hakuna aliyebaki duniani ambaye angempinga.

"Alikuwa hai," alisema.

Mama alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa na mwiba.

"Nisikilize, mama. Nimelisema hili peke yangu kila siku. Nilikuwa na mikono miwili. Mmoja ulikushika wewe, wa pili ulimshika mtoto. Wa kushika waya haukuwapo. Maji yalikuwa yanatupeleka wote watatu. Kama nisingeshika waya tungekwenda sote. Basi ilibidi nichague wa kumwachia, na sikuwa na muda wa kumwuliza mtu." Alikohoa. "Nilimwachia mdogo kwa sababu wewe ulikuwa umenishika. Ulikuwa umening'ang'ania shingoni. Yeye hakuwa na nguvu ya kunishika. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine nzuri zaidi."

"Ungeniachia mimi."

"Ndiyo."

"Nilikwambia! Nilipiga kelele, mtoto kwanza!"

"Nilisikia."

Mama aliinua fimbo. Nakumbuka niliona kivuli chake kikipita juu ya kanzu ile nyeupe, na mzee hakujikinga, alitazama tu. Fimbo ilikaa hewani. Kisha mama akaishusha chini, akaiegemea kwa mikono yote miwili, akaanza kupumua kwa shida. Mdogo wangu alimkalisha kwenye mkeka. Nilikuwa natafuta dawa yake mkobani, ndipo mzee aliposema tena, kwa sauti ya chini.

"Kuna lingine. Siku ya tatu tulimpata."

Mama aliinua uso.

"Alikuwa amenaswa kwenye mafunjo, chini ya gati. Mimi ndiye niliyemwona. Nilimwita mumeo, tukamzika wawili, juu ya ukingo mahali ambapo maji hayafiki. Tulipanda milamula, miti ile ya kuwekea mipaka, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Mumeo akaniapisha. Alisema, 'Mke wangu ana mimba changa na hali chakula, akionyeshwa kaburi atamfuata mtoto.' Alisema atakwambia mwenyewe baadaye. Tulipokutana hapa njiani nilimwuliza, umemwambia? Akatikisa kichwa."

Sikuhitaji kuhesabu miezi. Mimba ile ilikuwa mimi. Nilikaa chini palepale kwenye udongo wa kibaraza.

Mama hakulia. Hasira niliyoiona usoni mwake ilikuwa imehama kwa mzee ikaenda kwa mtu aliyelala kaburini Izigo, chini ya migomba aliyompalilia kwa mikono yake.

"Alilala kitandani kwangu," alisema kwa Kihaya, taratibu. "Miaka yote hiyo alilala kitandani kwangu, na alijua."

Kisha akamwuliza mzee kaburi liko upande gani wa gati. Mzee akamwelekeza. Jiwe kubwa lenye umbo la kiti, kisha hatua kama hamsini kupanda. Mama akasimama. Hakuaga. Alipofika kwenye migomba aligeuka, akamtazama, akaenda.

Tulikwenda Ngono juma hilohilo, mama, mdogo wangu na mimi. Gati halipo. Daraja limejengwa mbali kidogo, na pale pa pantoni pamebaki nguzo moja ya chuma iliyokuwa inafungiwa waya, imeota kutu na kuinamia majini. Niliichukua ile picha ya tisa, nikatafuta vilima vyake, nikajua tumesimama pale mgeni aliposimama. Jiwe lilikuwapo. Lakini kutoka hapo kupanda palikuwa na shamba la mahindi na maharage, na mtu mwenye panga alikuwa anakuja kwetu kwa hatua ndefu.

"Mnapima nini?" aliuliza kabla ya salamu. Aliona karatasi mkononi mwangu. "Nani amewatuma?"

"Hatupimi, ndugu yangu," mdogo wangu alisema. "Tunatafuta kaburi."

"Kaburi!" Alicheka bila furaha. "Wanaotaka ardhi siku hizi huanza na kaburi. Shamba hili ni la baba yangu. Mtoke, au nimwite mwenyekiti wa kitongoji."

Mdogo wangu alisogea mbele. Ana hasira za karibu, na siku ile alikuwa amezibeba tangu Izigo. Yule bwana alihamisha panga kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mama ndiye aliyepita katikati yao na fimbo yake, kana kwamba hawapo.

"Mwanangu," alimwambia yule mwenye shamba kwa Kihaya, "sitaki hata ukucha wa ardhi yako. Nionyeshe kama ulikuta milamula hapa, miwili, mbali na mpaka."

Mtu yule alibadilika. Alimtazama mama, akaitazama picha niliyomnyooshea, akamtazama mama tena.

"Upo mmoja," alisema. "Wa pili ulianguka nikiwa mdogo. Baba alituambia tusiung'oe uliobaki. Tulimwuliza sababu, akasema yeye naye aliambiwa hivyo na mtu wa pantoni."

Alitangulia akikata magugu kwa panga lile ili mama apite. Mlamula ulikuwa umesimama katikati ya mahindi, mnene, majani yake marefu yamechanika kwa upepo. Chini yake hapakuwa na kitu, hata tuta. Magugu tu.

Mama aliomba jembe. Yule bwana akampa lake. Sote tulinyoosha mikono kumsaidia, akatukatalia kwa kichwa. Alipiga magoti, akapalilia mwenyewe, akishika jembe karibu na chuma, kipande kidogo kidogo, akitoa kila mzizi na kuuweka kando. Ilichukua karibu saa nzima. Mara mbili alitua ili apumue na mdogo wangu akafumba macho. Alipomaliza palikuwa na kipande cha udongo mweusi kisichozidi urefu wa mtoto anayesimama dede. Alimwita kwa jina lake. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia, nami sitaliandika hapa, kwa kuwa aliniomba nisiliandike.

Picha ishirini na mbili zilitundikwa ukumbini siku ya mavuno, na maelezo yake niliyaandika kwa mkono wangu. Ya tisa mama aliichukua. Mchungaji aliuliza iko wapi, nikamwambia imempata mwenyewe.

Watu wachache ninaowasimulia huuliza kama mama alimsamehe yule mzee. Hajaniambia, na sijamwuliza. Ninachojua ni kwamba masika yaliyofuata mzee aliugua, akawa hainuki kitandani. Nilimwambia mama kwenye simu, kama habari tu ya jirani. Kesho yake mdogo wangu alishuka Hamugembe na mkungu wa ndizi na kifurushi cha kahawa ya kutafuna, ameagizwa na mama avipeleke moja kwa moja kwa mzee, asivipitishe kwangu.

"Amesema nimwambie nini?" mdogo wangu alijiuliza mwenyewe njiani, akihesabu kwa vidole asisahau. "Amesema nimwambie mtoto amepaliliwa. Basi. Hilo tu."

Tuliingia pamoja. Mzee alikuwa amelala ubavu, ameelekea ukutani. Mdogo wangu aliusema ule ujumbe kama alivyopewa, neno kwa neno. Mzee hakugeuka. Alitoa mkono wa kushoto nje ya blanketi, akauacha hapo juu, na mdogo wangu, baada ya kusitasita, akaushika.